Ofisi ndani ya stoo ya mita 1.8 kwa 2.4: shajara ya mradi

11 Januari: Vipimo kabla ya vitu

Stoo imeshatolewa vitu. Ina upana wa mita 1.8, urefu wa mita 2.4, na dari iko mita 2.5 juu. Dirisha moja liko katikati ya ukuta mmoja mrefu, mlango uko kwenye ukuta unaotazamana nalo. Soketi ni moja tu, karibu na mlango. Lengo ni mtu aweze kufanya kazi humu kutwa nzima na kutoka jioni akiwa mzima: shingo, mgongo na macho.

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye stoo, kona au nusu ya chumba anayetaka kufanya kazi kama hii. Gharama nitaziandika kwa mafungu. Bajeti yote nimeigawa mafungu 20 yaliyo sawa, ili anayeiga aweke kiasi chake mwenyewe.

Kabla ya kununua hata skrubu, nilipima mwili. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zilale sakafuni, mkono wa juu uning'inie wima, kisha mwingine akushikie tepu. Vipimo vyangu: sakafu hadi nyuma ya goti, sm 41. Kiti hadi kiwiko, sm 24. Kiti hadi jicho, sm 74. Unene wa paja, sm 14. Kwa hiyo nikiwa nimekaa, kiwiko changu kiko sm 65 kutoka sakafuni na jicho liko sm 115. Urefu wangu ni sm 160. Aliye mrefu zaidi atapata namba nyingine kwa hesabu ileile.

Namba hizi nne zimebandikwa ukutani. Kila kitu kinachoingia humu kitapimwa nazo.

18 Januari: Meza ya kawaida imekataa

Nilianza na meza iliyokuwepo nyumbani, kimo sm 74, nikaiweka chini ya dirisha. Gharama: hakuna.

Kimo kwanza. Kiwiko kiko sm 65 na kibodi ina unene wa sm 2 hivi, kwa hiyo uso wa meza unatakiwa uwe sm 63. Meza nyingi za dukani huwa kati ya sm 72 na 75, na hii imezidi kwa sm 11. Mwili hulipa tofauti hiyo kwa kuinua mabega, na bega likikaa juu kwa saa nyingi maumivu hupanda hadi shingoni. Dawa inayotajwa sana ni kupandisha kiti na kuweka kibao cha kukanyagia. Mabega yalishuka kweli. Lakini chumba ni chembamba: kila ukigeuka kuchukua kitu, miguu inaacha kibao na kubaki hewani, ukingo wa kiti unabana chini ya mapaja, na ganzi inaingia. Chumba kipana kingebeba kibao kikubwa zaidi. Hapa hakuna pa kukiweka. Kuipunguza miguu ya meza hakukuwezekana pia, maana ni ya chuma kilichochomelewa pamoja na fremu.

Kisha mwanga. Skrini ikiwa mbele ya dirisha, jicho linatazama vitu viwili kwa pamoja: maandishi, na mwanga wa nje ulio mkali mara nyingi zaidi nyuma yake. Kope zinajikunja, kichwa kinauma kabla ya mchana. Nikaigeuza meza ili dirisha liwe mgongoni. Hapo dirisha zima likajichora ndani ya skrini. Mahali pazuri pa dirisha ni ubavuni. Kwa chumba hiki maana yake ni meza kukaa kwenye ukuta mfupi, ule wa mita 1.8, dirisha likiwa kushoto. Ninaandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kivuli cha mkono hakitaangukia karatasi.

2 Februari: Kiti, na silinda yake

Nasema hili kwa uzito: kiti kije kabla ya meza. Meza hupimwa kutoka kwenye kiwiko, na kiwiko kinakaa pale kiti kinapokiweka.

Nimepata kiti cha ofisi kilichotumika, chenye magurudumu, egemeo linalojaa vizuri kiunoni na mikono inayoshuka. Mafungu 6. Ndicho kitu ghali kuliko vyote kwenye mradi, na sijutii hata fungu moja.

Kasoro ilikuwa kwamba kikishushwa hadi mwisho, kalio lake linabaki sm 45 kutoka sakafuni, na mimi nahitaji 41. Viti vingi vya namna hii haviendi chini zaidi ya hapo, na watu wafupi huhangaika navyo bila kujua sababu. Kumbe nguzo ya gesi iliyo katikati hutolewa na kubadilishwa. Imeshikwa tu kwa kubanana ndani ya tundu lenye umbo la pia, haina skrubu. Unageuza kiti kichwa chini, unagonga kitako cha nguzo kwa nyundo ya mpira mpaka inachomoka kwenye miguu, kisha unaivuta upande wa kalio kwa spana kubwa ya bomba. Silinda fupi ilinigharimu fungu 1. Pima kipenyo cha ile ya zamani kabla ya kuagiza, na usijaribu kuifungua silinda yenyewe: gesi iliyomo ina mgandamizo mkubwa.

Kalio lilikuwa pia na kina kirefu. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti panatakiwa papite vidole viwili au vitatu. Kwangu hakikupita hata kimoja. Mto mwembamba mgumu uliofungwa kwenye egemeo umenisogeza mbele vya kutosha.

Mlango ulikuwa ukifunguka kwa ndani na kugonga kiti. Nimehamisha bawaba, sasa unafunguka kwa nje. Kazi ya asubuhi moja, na chumba kimepata eneo ambalo awali lilikuwa la mlango peke yake.

15 Februari: Meza ya kukunja

Wazo lilikuwa zuri: ubao wenye bawaba ukutani, ukimaliza kazi unaukunja, sakafu inarudi. Kina chake sm 45, kimo 63. Mafungu 2 kwa ubao, bawaba na braketi mbili za kukunja.

Haikufaa kwa sababu tatu. Kwanza kina: skrini ikisimama juu ya ubao wa sm 45, macho yanabaki karibu nayo kuliko urefu wa mkono, na mwili unarudi nyuma wenyewe mpaka mgongo unaachana na egemeo. Pili, braketi za kukunja zina mchezo kidogo kwenye kiungo, na mchezo mdogo wa kiungo ukifika ukingoni unakuwa mtikisiko: kila ukichapa, skrini inacheza. Tatu ni ile ambayo michoro haiioneshi, kwamba kukunja meza maana yake ni kuondoa kila kilicho juu yake. Daftari, taa, kibodi, vyote vinahitaji pa kulala, na hapo pa kulala ndipo nafasi uliyoiokoa inapokwisha.

Kwa anayefanya kazi saa moja au mbili kwa siku akitumia kompyuta mpakato pekee, bado ningemshauri. Kwa kazi ya kutwa, hapana.

9 Machi: Meza ya ukuta hadi ukuta

Hii ndiyo imebaki. Ubao mmoja wa plaiwudi wa mm 18, kina sm 60, umetanda kutoka ukuta hadi ukuta, umekaa juu ya vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye kuta tatu. Hauna mguu hata mmoja. Magoti yana uhuru wote na sakafu inafagiliwa hadi ukutani. Mafungu 4 pamoja na vanishi.

Vipande vya mbao vilifungwa kwa skrubu ndefu na plagi za ukutani, baada ya kuchora mstari kwa pimamaji kwenye kuta zote tatu. Usifuate sakafu; sakafu yangu imeinama kwa zaidi ya sentimita moja kutoka pembe moja hadi nyingine. Kuta zenyewe ni za tofali. Kwenye ukuta wa ubao mwepesi skrubu lazima zitafute nguzo za mbao zilizo ndani, vinginevyo uzito wa viwiko utazing'oa taratibu.

Ubao wa kwanza haukuingia. Kuta mbili zinazotazamana huonekana sambamba, lakini hapa nyuma ni sm 180.4 na mbele ni 178.9. Tena hata ubao wenye urefu sahihi hauingii ukiwa bapa kati ya kuta tatu. Lazima uinamishwe, na ukiinamishwa unahitaji urefu zaidi. Njia iliyofaulu ni kutengeneza kielelezo cha kadibodi kwa vipande viwili, kimoja kila upande, kila kimoja kikikatwa kufuata ukuta wake, kisha kuviunganisha kwa gundi ya karatasi katikati vikiwa palepale juu ya mbao. Nikakichora kwenye plaiwudi, nikaacha mm 3 kila upande. Mwanya haukuonekana baada ya kuziba kwa ukanda mwembamba wa mbao, na ule wa nyuma umeachwa wazi kwa ajili ya waya.

Baada ya kufunga, ukingo wa mbele ulianza kunepa katikati. Plaiwudi ya mm 18 yenye umbali wa karibu mita 1.8 bila nguzo haiwezi kujibeba, sembuse mikono ya mtu. Nikafunga utepe wa mbao wa sm 4 chini ya ukingo. Unepaji ukaisha, ila paja likagonga: sakafu hadi juu ya paja ni sm 55, na chini ya utepe palibaki pengo dogo ambalo ukivuka mguu tu linakwisha. Suluhisho ni chuma cha pembe, mm 30 kwa 30, kilichofungwa sm 20 ndani kutoka ukingoni. Huko mguu unakuwa umeshuka kuelekea goti na hakuna kinachogusa, na ukingo wa mbele umekaa imara. Ningeijua hesabu hii mapema ningeanza na chuma moja kwa moja.

23 Machi: Skrini

Kompyuta mpakato ina tatizo ambalo hakuna meza inayoweza kulitatua: skrini na kibodi vimeungana. Ukiiweka sawa kwa mikono, shingo inainama. Ukiiinua kwa macho, mikono inapaa. Lazima kimoja kitenganishwe. Kibodi ya pembeni na kipanya: fungu 1. Asiyeweza zaidi ya hapo aishie hapo, aiinue kompyuta juu ya vitabu vigumu. Faida kubwa atakuwa ameshaipata.

Mimi niliongeza skrini iliyotumika ya inchi 24. Mafungu 3. Ukingo wake wa juu unatakiwa uwe usawa wa jicho au chini kidogo, yaani sm 115 kutoka sakafuni. Kioo cha ukubwa huo kina kimo cha sm 30, kwa hiyo sehemu ya chini inakaa sm 22 juu ya meza, na kompyuta mpakato inalala chini yake ikiwa imefungwa. Wanaovaa miwani yenye sehemu ya kusomea kwa chini washushe skrini zaidi, la sivyo watainua kidevu siku nzima.

Mkono wa chuma wa kushikilia skrini, ule unaobanwa kwenye ukingo wa meza, haukufaa: unahitaji ukingo wa nyuma ulio wazi, na kiwiko chake kikikunjwa kinahitaji sentimita nyingi nyuma ya skrini ambazo ukuta hauzitoi. Nimetumia kishikio bapa cha ukutani, fungu 1. Nyuma ya skrini nyingi kuna matundu manne yaliyopangwa kwa kipimo cha VESA, mm 75 kwa 75 au 100 kwa 100, pima kabla. Macho sasa yako takriban sm 65 kutoka kwenye kioo.

6 Aprili: Umeme na mtandao

Kompyuta, skrini, taa na ruta kwa pamoja ni kama wati 110. Hiyo haifiki ampea moja, iwe umeme ni wa volti 230 au 120, kwa hiyo ekstensheni moja nzuri yenye swichi inatosha. Imefungwa kwa skrubu chini ya meza, waya zote zinashuka kupitia ule mwanya wa nyuma. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, na hita au pasi visiguse hapa.

Mtandao wa wayalesi ulikuwa unakatika kwenye simu za video. Masafa ya GHz 5 yana kasi lakini kuta mbili za tofali zinayadhoofisha. Ya GHz 2.4 yanapenya vizuri zaidi ila yamejaa mitandao ya majirani, maana chaneli zisizoingiliana huko ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kuhamia chaneli 11 kulisaidia kidogo. Kebo bapa iliyopitishwa kando ya ukuta na chini ya mlango ndiyo iliyomaliza. Kebo ya namna hii hufanya kazi hadi mita 100, hakuna nyumba ndogo itakayoishinda. Nusu fungu.

20 Aprili: Mwanga

Taa ya dari iko katikati ya chumba, na katikati ya chumba ni nyuma ya kichwa cha aliyekaa. Inatupa kivuli cha mwili juu ya meza na kujionesha kwenye kioo. Nilijaribu balbu yenye nguvu zaidi: kivuli kikawa cheusi zaidi.

Kipimo kinachotumika kwa kazi za kusoma na kuandika ofisini ni luksi 500 juu ya meza, yaani lumeni 500 za mwanga kwa kila mita ya mraba. Meza yangu ni kama mita moja ya mraba, kwa hiyo lumeni 500 zikiangukia hapo zote zinatosha, na balbu ya LED ya wati 8 hutoa lumeni 800 hivi. Shida basi ni mwelekeo. Nimefunga ukanda wa LED wa kelvini 4000 (mwanga mweupe wa kati, si wa njano sana wala wa buluu) chini ya rafu iliyo juu ya skrini, umefunikwa kwa plastiki nyeupe ili nukta zake zisionekane, unamulika meza na ukuta ulio nyuma ya skrini. Fungu 1. Ukuta uliomulikwa ndio uliofanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia: skrini haing'ai tena peke yake ndani ya giza, na macho ya jioni yametulia.

Kuhusu macho, kuna kanuni ya 20-20-20: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20. Ndani ya chumba cha mita 2.4 hakuna mita 6 popote. Dirisha la kushoto ndilo linalozitoa, na ndiyo sababu nimekataa kulifunika kwa rafu, ingawa ukuta ule ungebeba vitabu vingi.

11 Mei: Hewa dhidi ya sauti

Hapa ndipo chumba kidogo kinapodai akili zaidi, kwa sababu kila unachofanya kuzuia sauti kinazuia na hewa.

Chumba hiki kina mita za ujazo 10.8, yaani lita 10,800. Mtu aliyekaa akifanya kazi nyepesi hutoa takriban lita 18 za kaboni dioksaidi kwa saa. Kila kitu kikizibwa kabisa, kiwango kinapanda kwa zaidi ya sehemu 1,600 katika milioni kila saa, juu ya zile 420 na zaidi zilizoko hewani nje. Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa Munich, alipendekeza mwaka 1858 kwamba hewa ya ndani isizidi sehemu 1,000, na kipimo chake bado kinatajwa. Kwa hesabu, stoo iliyozibwa inakifikia baada ya dakika 20 na kidogo. Uzito wa kichwa na miayo ya saa nne asubuhi, ambayo nilikuwa nikidhani ni usingizi, ilikuwa na sababu.

Na mimi nilikuwa nimeshaziba. Mpira chini ya mlango na pembeni, nusu fungu, ulizima kelele za nyumbani vizuri sana. Nimeuacha pembeni na juu, nimeutoa chini. Mlango unabaki wazi kiasi cha kiganja wakati wa kazi ya kimya, dirisha nalo wazi. Kwa kuwa vinatazamana, hewa inapita katikati. Mlango unafungwa kwenye simu tu, dirisha likibaki wazi kidogo.

Mwangwi ni jambo jingine na lisichanganywe na kelele. Kuta tupu zilifanya sauti yangu isikike kama natokea ndani ya pipa. Wallace Sabine wa Harvard alianza kulichunguza hili mwaka 1895, akihamisha mito ya viti usiku kutoka ukumbi mmoja na kuiingiza kwenye ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilidumu humo kwa sekunde zaidi ya 5. Aligundua kwamba kinachohesabika ni ukubwa wa chumba na wingi wa vitu laini vinavyonyonya sauti. Katika chumba kidogo vitu vichache vinatosha: zulia, pazia zito ukutani nyuma ya kiti, na vitabu vilivyopangwa bila kulingana. Fungu 1. Povu jembamba la kubandika nililolijaribu kwanza lilikata sauti nyembamba tu na kuacha mvumo wa chini ukivuma.

Maikrofoni nayo isogezwe. Ukipunguza nusu ya umbali kutoka mdomoni, sauti yako inapata karibu desibeli 6 juu ya kelele ya chumba, bila kununua chochote.

8 Juni: Rafu, na hesabu

Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt, takriban mita 1.9 kwa 3.4, akifuata vipimo vya hatua na mikono ya mpishi na mfano wa jiko la behewa la treni. Nimepanga rafu kwa fikra hiyohiyo. Nilikaa kitini nikaandika kila ninachonyoosha mkono kukifuata. Kinachoshikwa kila saa kinakaa ndani ya urefu wa kigasha. Kinachoshikwa kila siku, ndani ya mkono ulionyooka. Printa, ambayo hutumika mara chache, imehamia nje ya chumba kabisa, na hakuna uamuzi uliofungua nafasi kuliko huo. Rafu zimetokana na ubao wa ile meza ya kukunja.

Jumla ni mafungu 21, moja juu ya bajeti. Kati ya hayo, 2 yalikwenda kwenye meza ya kukunja, ingawa ubao wake umeokoka.

Kilichobaki ni joto la mchana jua likipiga dirishani. Kivuli kitawekwa nje ya kioo, maana pazia la ndani huzuia mwanga baada ya joto kuwa limeshaingia. Vipimo vya fremu nimeshachukua. Nitaongeza ingizo kikishafungwa. Mwenye chumba ambacho dirisha liko kwenye ukuta mfupi aiweke meza kando ya ukuta mrefu, aanze sm 30 kutoka dirishani, na kabla ya kukata ubao ahakikishe zinabaki walau sm 90 nyuma ya meza kwa ajili ya kiti na mtu kupita.